Maziwa ya Mama Mkwe

Ushirika wa Maziwa wa Doog,
Garissa.
Mwisho wa Shaaban.

Kwako abaayo, dada yangu Rukiyo,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuombea barua hii ikukute mzima, wewe na mama yako na magoti yake yanayomsumbua, na wale wanafunzi wako wanaoandika "fitabu" halafu wanaapa kwamba ndivyo neno linavyotamkwa. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Joto ni lile lile la kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika, na Ramadhani inabisha hodi. Abdiwali anakusalimu. Amenenepa kidogo, na sababu ya kunenepa kwake utaiona humu humu.

Tangu tulipokuwa tukilala kitanda cha juu na cha chini kule bwenini uliniapisha kwamba nikikuandikia nikuandikie kwa Kiswahili, eti Kisomali nimwachie mume wangu. Haya, mwalimu, shika kalamu yako nyekundu. Barua ni ndefu.

Ujumbe wako niliupata kabla mtandao wa huko kwenu Bute haujakatika. Uliniuliza neno moja tu: "Kweli?" Nikajua habari imefika huko kabla ya lori la mchele. Eti Nasteho amemwaga chini maziwa ya mama mkwe wake, mchana kweupe, mbele ya wageni wa Nairobi, na ukame huu ulivyo. Najua watu wa huko wamekwisha kunihukumu, na pengine wewe ndiye uliyebaki kunitetea.

Sikumwaga, Rukiyo. Wallahi, hata tone. Niliyakataa. Kwa watu wetu sijui lipi ni kubwa zaidi, kwa hiyo nitakueleza tangu mwanzo, kisha utaamua mwenyewe.

Doog ni yale majani mabichi yanayochipua baada ya mvua, na Bishara, mama mkwe wangu, aliupa ushirika jina hilo mwaka ambao mvua haikunyesha kabisa. Ndivyo alivyo. Alianza pale Soko Mugdi akiwa mjane, ana mitungi miwili ya njano na watoto mgongoni na kiunoni, mmoja wao akiwa huyu Abdiwali wangu. Aliwakusanya akina mama waliokuwa wakiuza maziwa ya ngamia kila mtu kivyake na kupunjwa kila mtu kivyake, akawaambia wauze pamoja. Leo wana tangi la kupozea, wana chumba cha kupimia, na maziwa yao yanafika mpaka Hagadera na Nairobi. Meneja wa zamani alipoondoka nami nikaomba kazi, ulinitumia ujumbe kwamba mtu hachagui mama mkwe kuwa bosi isipokuwa amechoka na maisha. Siku ya mahojiano Bishara alitoka nje ya chumba ili asiseme mtu kwamba amenipendelea. Watu walisema hata hivyo. Basi nyumba yetu ikawa na mwenyekiti na meneja, na Abdiwali katikati, mwana wa mmoja na mume wa mwingine.

Sasa nikueleze pipa. Kila asubuhi maziwa hufika kutoka porini kwa pikipiki na magari, na Osob, msichana wetu wa vipimo, huyapima mlangoni. Huyanusa, huchanganya kidogo na spiriti, yakigandana yamechacha, hayapokelewi. Lakini yaliyokataliwa yaende wapi? Wewe unajua kwetu maziwa hayamwagwi. Hata mtoto akiangusha kikombe, mama husema astaghfirullah kabla hajamwuliza kama ameumia. Kwa hiyo tangu zamani pale mlangoni palikuwa na pipa la buluu, na kila mtungi uliokataliwa ulimiminwa humo. Likijaa lilipelekwa kwenye chuo cha Kurani, duksi moja ya Bulla Iftin, kwa watoto wanaolala pale pale, wengi wao yatima. Lilikuwa linaitwa pipa la sadaka.

Hakuna aliyeona ubaya. Mama aliyekataliwa maziwa yake alirudi nyumbani moyo umepoa, kwa sababu kama mteja hakuyataka, Mungu ameyapokea. Mimi mwenyewe nililipiga pipa hilo picha nikaiweka kwenye kalenda yetu ya mwaka. Nilijivuna nalo kuliko hata tangi.

Halafu ikaja habari ya mkataba. Kampuni moja ya Nairobi yenye maduka mengi ilitaka maziwa yetu kila siku, kuanzia Ramadhani. Kwa akina mama wetu hiyo ni tofauti ya kuuza ngamia mwingine ukame huu au kumbakiza. Mkuu wao wa manunuzi, mama mmoja mwenye adabu na macho makali, alituletea vijiti vya kupimia dawa. Unakumbuka kile kikohozi cha ngamia. Kimerudi, na wachungaji wamekuwa wakichoma sindano kila mnyama anayekohoa. Dawa hiyo hukaa kwenye maziwa kwa siku kadhaa, na vijiti vile vinaionyesha. Alipouliza tunafanya nini na maziwa tunayoyakataa, Bishara alimwonyesha pipa. Yule mama alifurahi mno. Akasema wanataka picha za watoto wa duksi wakiwa na vikombe mkononi, waziweke kwenye pakiti.

Tukaenda kupiga picha Jumapili moja. Maalim Khalif, mwenye duksi, alikuwa safarini, akatupokea mkewe, Fatumo. Watoto walipangwa, wakapewa vikombe, wakacheka walivyoambiwa wacheke. Sisi wageni tukaandaliwa chai. Nilienda jikoni kumsaidia Fatumo kubeba birika, kama inavyotakiwa, nikaona pakiti za maziwa ya ng'ombe ya dukani, zimekatwa na kumiminwa ndani ya chai. Nyumba inayopokea pipa zima la maziwa ya ngamia, na chai ya wageni imenunuliwa dukani. Nikamwuliza polepole, kwa utani, kama siku hizi maziwa yetu hayamfai.

Hakuwa na nia ya kunishtaki. Alinieleza tu kama mtu anavyomweleza mwenzake mambo ya jikoni.

"Abaayo, ya pipa ni ya watoto. Mgeni nitampaje hayo?"

Nikamwomba aniambie zaidi. Akasema huyachemsha sana na kuyatia sukari nyingi ili ule uchachu usisikike. Siku nyingine watoto hukubali, siku nyingine matumbo yao huharibika. Hawajawahi kulalamika kwetu kwa sababu mtu halalamikii sadaka. Alipoona uso wangu alianza kuomba msamaha, na hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze, maana yeye ndiye aliyepaswa kuombwa msamaha na mimi.

Niliona aibu, Rukiyo, aibu ya kweli. Kisha nikakumbuka vijiti. Tangu vifike, pipa lilikuwa halipokei maziwa yaliyochacha peke yake, lilikuwa linapokea na yale yenye dawa. Tuliyaondoa ili mtoto wa Nairobi asiyanywe, tukampa yatima wa Garissa. Ile methali yako ya mkuki na yule mnyama tusiyemtaja sikuwahi kuielewa vizuri mpaka siku hiyo.

Nilikwenda kwa Bishara Jumapili hiyo hiyo, nikamweleza yote, na pakiti za dukani sikuzificha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia pipa lile alilianzisha yeye kwa moyo safi kabla mimi sijajua kuhesabu ngamia. Akauliza, tukiliondoa, akina mama wafanye nini, wamwage maziwa ukame huu, mbingu zikiwatazama? Mwisho akaniambia mkataba unatiwa sahihi Alhamisi, nisubiri. Baada ya sahihi nifanye nitakavyo.

Nisikudanganye, yale hayakuwa maneno ya kipumbavu. Nilirudi nyumbani nimekubali nusu. Lakini kila nilipojaribu kukubali ile nusu iliyobaki niliona nyuso za wale watoto kwenye pakiti, na nikajiuliza nani atathubutu kusema ukweli wakati pakiti zimekwisha kuchapishwa na fedha zimeanza kuingia. Ikiwa leo, ambapo hatuna kitu, ni vigumu, basi kesho, tukiwa na vingi vya kupoteza, itakuwaje? Na watoto wangeendelea kunywa siku hizo zote. Katiba yetu ya ushirika inasema shughuli za kila siku ni juu ya meneja. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Asubuhi ya Alhamisi nikaagiza pipa lioshwe na lipinduliwe, mdomo chini, nikamwambia Osob kwamba kuanzia leo kinachokataliwa kinarudi na mwenyewe. Nilimpigia Bishara simu nimjulishe kabla hajasikia kwa watu. Hakupatikana. Alikuwa amekwenda mwenyewe Balambala, kwa ngamia wake wanaochungwa na mwanawe Hamse, kuleta maziwa ya kuwapokelea wageni.

Unaona tunakoelekea.

Walifika wote kwa pamoja, Bishara na gari lake, wageni na kamera yao. Ilipangwa kwamba mtungi wa mwenyekiti upimwe wa kwanza, upigwe picha, ndipo tuingie ndani kutia sahihi. Mtungi ulikuwa umefukizwa vizuri, moshi wake unanukia mpaka mlangoni. Osob akachovya kijiti. Akakitazama. Akachukua kingine, akachovya tena. Kisha akaniinulia macho na nikajua. Maziwa ya Bishara yalikuwa na dawa.

Bishara hakushtuka. Alimgeukia mgeni, akamwambia kwa Kiswahili chake, "Hii ni ya sadaka. Sisi maziwa hapana mwaga." Akamwashiria Osob amimine kwenye pipa. Ndipo alipoliona pipa limelala mdomo chini.

Nilimwita kwa heshima, kama mkwe anavyomwita mama wa mumewe. Nilisema, "Eedo, maziwa haya hatuyapokei, na kwenye sadaka hayaendi. Nakuomba urudi nayo."

Mgeni akaniuliza kuna nini. Ningeweza kusema ni utaratibu mpya, angeridhika, tungeingia ndani. Lakini kamera yao ilikuwa na picha za watoto. Nikamweleza kila kitu, yaliyochacha, yenye dawa, matumbo ya watoto, hata chai ya Fatumo. Nikamwomba zile picha asizitumie. Nilipomaliza, Bishara aliinama, akaubeba mtungi wake mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akautia garini akaondoka. Rukiyo, huyu ni mwanamke aliyenitandikia kitanda cha harusi yangu kwa mikono yake. Kumtazama akibeba ule mtungi kuliniuma kuliko yote yaliyofuata.

Wageni nao wakaondoka bila kutia sahihi. Walisema wanakwenda kuzungumza na wakubwa wao, na wewe unajua neno hilo maana yake ni nini.

Majuma yaliyofuata simtakii hata adui yako. Akina mama walipita mlangoni pangu bila salamu. Mmoja aliniletea shuka nililomwazima, akaliacha kizingitini kana kwamba mimi ni mgonjwa wa kuambukiza. Sokoni habari ilikuwa tayari imegeuka kuwa nimemwaga, na hiyo ndiyo iliyokufikia. Bishara hakunigombeza. Alinyamaza, na ungemjua ungejua kwamba angenigombeza ningelala vizuri. Abdiwali masikini hakutaka aonekane ameegemea upande wowote, kwa hiyo kila mchana alikula kwa mama yake kisha akaja kula kwangu, na kote alimaliza sahani. Nilimwambia akiendelea kuwa mwadilifu hivyo tutamnunulia kanzu mpya. Tulicheka, halafu mimi nikalia. Niliogopa kwamba nimewapotezea watu riziki yao ili nafsi yangu itulie.

Hatimaye mkutano mkuu ukaitishwa, na ajenda ilikuwa moja, meneja aondolewe au abaki. Mwenyekiti wa mkutano alikuwa nani? Yeye mwenyewe. Nilivaa diraa yangu nzuri, nikijiambia kama ni kufukuzwa nifukuzwe nimependeza.

Walisema mengi. Kwamba najitafutia jina. Kwamba msomi akipewa ufunguo hujiona mwenye nyumba. Mmoja akasema kwamba hata kama nilikuwa na haki, mkwe hunong'ona, hatangazi. Hilo lilinichoma kwa sababu nusu yake ni kweli, nikamjibu kwamba nilinong'ona Jumapili. Nikawaambia kuhusu ile chai. Nikasema sitawauliza kuhusu sheria wala wageni wa Nairobi. Nawauliza tu, leo usiku shemeji yako akikutembelea, utamchotea kwenye pipa lile? Nani angefanya hivyo ainue mkono. Hakuna aliyeinua, lakini pia hakuna aliyenitazama kwa uso laini. Mama mmoja mtu mzima akauliza, maziwa yenye dawa tuyapeleke wapi, maana yeye hatamwaga hata akikatwa mkono.

Hapo Bishara akasema neno lake la kwanza. Aliuliza ngamia ana chuchu ngapi.

Watu wakacheka, wakidhani uzee. Mmoja akajibu nne. Akauliza tunazifanya nini. Wakamjibu, mbili tunazifunga ziwe zetu, mbili tunamwachia ndama.

"Basi ngamia aliyechomwa sindano mfungulieni zote nne," alisema. "Anyonye ndama wake mpaka siku za dawa zipite. Maziwa ambayo hayajakamuliwa hakuna aliyeyamwaga."

Nilitamani kuruka. Mambo yote niliyosoma chuoni, kozi zote za uongozi, na mimi sikuwa nimefikiria ndama. Mkutano ukaanza kuvuma, kila mtu anamweleza jirani yake jambo ambalo jirani naye amelisikia. Kura ilipopigwa nilibaki kazini. Bishara aliihesabu ile mikono yote bila kunitazama hata mara moja, akafunga mkutano kwa dua na kwenda zake.

Tangu siku hiyo, abaayo, mambo yaligeuka kiasi kwamba hata mimi nilishangaa. Akina mama walianza kuja mlangoni mikono mitupu, vichwa juu, wakitangaza kwamba wao leo hawakuleta kwa kuwa ngamia wao wako kwenye sindano. Ikawa fahari. Wachungaji wanapiga simu wenyewe kuuliza siku. Maziwa yalipungua mwanzoni, kisha yakaongezeka, na yanayokataliwa kwa kuchacha sasa ni machache, maana hakuna anayetaka kurudi na mtungi wake mbele ya wenzake. Kuhusu sadaka, kamati iliamua kwamba mtungi wa kwanza unaopita vipimo kila asubuhi uende duksi, kabla hata tangi halijafunguliwa. Niliupeleka wa kwanza mwenyewe. Fatumo aliuonja jikoni, akanikumbatia.

Na wageni wakarudi. Ndiyo, Rukiyo. Yule mama wa manunuzi alinipigia akaniambia wakubwa wake waligombana juu yetu, wengine wakisema hawa wana matatizo. Yeye aliwajibu kwamba matatizo wanayo wote wanaouza maziwa, ila hawa wamesema wenyewe kabla ya kukamatwa. Juzi walikuja na mkataba. Pakiti itakuwa na picha ya ngamia peke yake.

Sasa nimefika kwenye jambo ambalo hukulisikia huko, kwa sababu waliokuwepo wamekubaliana lisiwe la kusengenywa. Wewe nakuandikia kwa kuwa nisipomwambia mtu nitapasuka.

Tulikuwa tumekaa ukumbini, mkataba juu ya meza, kalamu bado imefungwa. Bishara kama mwanzilishi alipewa nafasi ya kusema. Tulitarajia dua na shukrani. Alisimama, akasema kwa Kisomali, na kwa kuwa mgeni hakijui, kazi ya kufasiri ilikuwa yangu.

"Siku ile ya mtungi nilijua," alisema. "Hamse aliniambia porini kwamba amewachoma sindano. Nikamwambia kamua tu, nani hapa Garissa atamrudishia Bishara maziwa yake?"

Kichwani nilikuwa tayari natafuta maneno ya Kiswahili yenye ukungu, ya kusema kwamba mwenyekiti anakumbuka siku ile kwa masikitiko. Kalamu haijafunguliwa, Rukiyo. Riziki ya wanawake wote wale ilikuwa pale mezani, na aliyekuwa amesimama alikuwa mama wa mume wangu. Alikiona ninachotaka kufanya. Alinigeukia, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kunitazama machoni tangu siku ile.

"Fasiri," aliniambia. "Usipunguze."

Nikafasiri. Sikupunguza. Yule mama wa Nairobi alisikiliza, mikono yake juu ya mkataba, na Bishara akaendelea.

"Huyu msichana alinirudishia. Nilimkasirikia, na nilipokuwa namkasirikia nilijua ana haki. Nyumba moja haiwezi kukalia viti viwili. Wa kuongoza mikutano mtampata kesho. Wa kuwakatalia wakubwa hapatikani kila siku. Basi yeye akae, mimi nasimama."

Niliishia kwenye "viti viwili" na nikashindwa. Abdiwali, aliyekuwa amesimama mlangoni kama mtu aliyepita tu, ndiye aliyemalizia kumfasiria mgeni maneno ya mama yake, sauti kavu kabisa, machozi yanamtoka. Yule mama wa Nairobi akafungua kalamu akatia sahihi, akamsukumia Bishara mkataba na kumwomba atie sahihi yake kama mwenyekiti, iwe kazi yake ya mwisho. Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani vilifika mtoni. Nililia mbele za watu bila hata kujifunika uso, na sijuti.

Jana asubuhi nilikuwa mlangoni na Osob. Foleni ilikuwa ndefu. Katikati ya foleni, nyuma ya wasichana wanaoweza kuwa wajukuu zake, nilimwona Bishara na mtungi wake. Wenzake walimwomba apite mbele, akakataa. Zamu yake ilipofika aliuweka mtungi mezani, akafungua kifuniko, akasogea nyuma hatua moja ili asimzibe Osob mwanga.

"Pima," alisema.

Yalikuwa safi. Nikayapokea kwa mikono yangu mwenyewe.

Basi, abaayo, ukiulizwa huko Bute, waambie hakuna tone lililomwagwa. Nisalimie mama yako umwambie nitamtumia susa, yale maziwa ya ngamia ya kugandisha, na dereva akipita, imekaa vizuri mno safari hii. Wanafunzi wako wape salamu zangu, na wanaoandika "fitabu" wape mbili. Bishara ameniona nikiandika, ameuliza ni kwa nani, amesema nikwambie uje ufuturu kwake Ramadhani hii na kwamba wewe ndiwe uliyenitisha juu yake, anajua. Sikumwambia mimi, nadhani ni Abdiwali, kati ya sahani ya kwanza na ya pili.

Mungu akulinde, akupe afya na mvua.

Ni mimi mwenzako wa kitanda cha chini,

Nasteho
Meneja, Doog, Garissa